Kaa wa Dema la Ishirini

Jina alilopewa na mama yake hakuna aliyelikumbuka pale gatini. Walimwita Tarumbeta, kwa sababu akicheka upande huu wa maji, ndege huruka upande wa pili. Na alicheka sana. Alicheka alipong'olewa meno, alicheka paa lake lilipobebwa na upepo, na siku mume wake alipofunga mabegi amfuate mwanamke mwingine, Tarumbeta alimkimbilia njiani na soksi moja mkononi: "Umesahau hii, usije ukamtia mwenzio aibu!" Watu wakashika mbavu. Alichokifanya baada ya kurudi ndani na kufunga mlango hakikumhusu mtu.

Kazi yake ilikuwa kuvua kambamiti kwa madema. Dema, kwa asiyelijua, ni kizimba cha nondo nyembamba kilichovishwa wavu, mdomo wake mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Unatia kichwa cha samaki, unakizamisha, juu unafunga kopo tupu lielee likuonyeshe pa kurudi. Kambamiti anafuata harufu, anaingia kwa raha zake kama mgeni wa heshima, kisha anautafuta mlango alioingilia na haupati. Tarumbeta alipenda kusema kambamiti na mwanamke aliyeolewa ni kitu kimoja, tofauti yao ni kwamba kambamiti hafui nguo.

Madema yake yalikuwa ishirini, na makopo yake mekundu. Makopo ya manjano, ishirini vilevile, yalikuwa ya wifi yake.

Wifi huyu alikuwa mke wa kaka yake. Kaka alikufa miaka tisa nyuma, ghafla tu, akiwa ameinama anafunga kiatu, akaacha vitu viwili vya maana: mjane na mtumbwi. Mjane alisema mtumbwi ni wa mume wake. Dada akasema mtumbwi ni wa kaka yake. Waligombana mpaka majirani wakawa wanasogeza viti wasikie vizuri. Mwishowe, kwa kuwa mtumbwi haukatwi katikati, waligawana siku: wifi avue asubuhi, Tarumbeta avue alasiri, na saa sita kamili wakabidhiane kasia pale gatini.

"Maji yako," husema anayetoka.

"Yangu," hujibu anayeingia.

Mwaka mzima walikuwa hawana maneno mengine. Na waliishi nyumba moja, vitanda vyao vikitenganishwa na ukuta mmoja wa tofali.

Kisha siku moja Tarumbeta alivuta dema lake la kwanza, lile lililo karibu na gati, akakuta ndani kandambili. Ya mguu wa kushoto. Yake mwenyewe, iliyopotea tangu siku za msiba. Aliigeuza huku na huku. "Huyu mwanamke si mzima," akasema, akacheka mpaka mtumbwi ukachota maji. Kesho yake wifi, kwenye dema lake la kwanza, akakuta sufuria lake bovu alilokwisha kulitupa jalalani, limefungwa utepe kama zawadi ya arusi. Vita vikaisha hapo. Hakuna aliyemwambia mwenzake samahani. Samahani ilikuwa ile kandambili.

Tangu siku hiyo dema la kwanza la kila mmoja likawa sanduku la posta. Kilipitia humo kichwa cha mwanasesere, meno ya bandia ya mtu asiyejulikana, kitasa kisicho na mlango, na picha ya harusi ya watu wengine kabisa, nyuma imeandikwa "Tumekukosa." Lakini kilichovunja rekodi ni barua. Ilikuja ndani ya chupa iliyozibwa vizuri, kwa mwandiko wa wifi uliolala kidogo upande wa kulia: *Unatakiwa ofisi ya samaki, Alhamisi saa mbili asubuhi, pamoja na picha mbili za dema lako, uso tu, bila kofia. Si utani.*

Wewe msomaji umeshacheka. Tarumbeta hakucheka. Maana yalikuwapo maneno ya leseni mpya mjini, na serikali haikosi kuja na jipya. Alilibeba dema lake hadi kwa mpiga picha, akalikalisha kwenye kigoda, akalinunulia picha mbili. Alhamisi alivaa nguo yake ya kutokea, akaziweka juu ya meza ya karani. Karani alizitazama, akamtazama yeye, akainuka akaenda kuwaita wenzake. Alipotoka nje, gati lote lilikuwa limejipanga kumpokea, na mbele yao wifi yake, amekaa chini kwa sababu miguu imekataa kumbeba kwa kicheko.

"Umenipata mara moja," Tarumbeta alimwambia, kidole hewani. "Mara ya pili hunipati. Hata ukiniandikia kwamba nyumba inaungua, nitachemsha nayo chai."

Kila mtu aliusikia msemo huo. Ukawa msemo wa gatini.

* * *

Wifi alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwembamba, mwenye tabia ya kufunga mlango wa dema, ule wa kutolea kambamiti, kwa mafundo matatu pale wenzake wanapotosheka na moja. Kwa hiyo mwaka huu tumbo lake lilipoanza kujaa, lilionekana upesi.

"Wifi," alisema siku moja wakikabidhiana kasia, "nina neno nataka nikwambie."

"Moja tu? Mimi ninayo mia, niazime masikio!"

Siku nyingine alijaribu tena. "Wifi, hili tumbo langu..."

"Nimeliona, nimeliona!" Tarumbeta aligeukia watu. "Jamani, mjane wa kaka yangu ana tumbo! Baba mwenye mali ajitokeze alete nepi!" Muuza barafu, mtu mzima mwenye jino moja la mbele, akainua mkono juu kwamba ni yeye. Gati likalipuka. Wifi naye alitabasamu, akachukua ndoo yake, akaenda.

Mara ya tatu hata sentensi haikufika katikati.

Ndipo ilipokuja chupa. Tarumbeta aliikuta alasiri moja kwenye dema lake la kwanza, imelala kati ya kambamiti kumi na wawili wanaorukaruka. Mwandiko uleule umelala kulia. *Jumanne saa mbili asubuhi, hospitali kubwa. Wanataka ndugu wa kunisindikiza na kutia saini. Njoo na mimi. Si utani.*

Alilisoma lile "Si utani" kwa sauti, akapiga paja. "Saa mbili asubuhi tena! Ofisi tena! Mwanamke huyu ameishiwa, anarudia wimbo uleule." Hapohapo, akicheka peke yake katikati ya maji, alimtoa kaa mmoja mkubwa aliyekwama wavuni, akamfunga mikono yake yote miwili kwa uzi wa buluu, akaandika nyuma ya ileile barua: *Huyu atakusindikiza. Ana mikono miwili mizima ya kutia saini.* Barua ikarudi ndani ya chupa, na chupa na kaa wakaingia kwenye dema la kwanza la kopo la manjano.

Kesho yake saa sita wifi alishuka mtumbwini taratibu kuliko siku zote.

"Nimempata msindikizaji," alisema.

"Anafaa?"

Wifi alimtazama kwa muda. Kisha akacheka. Tarumbeta angeapa hata mahakamani kwamba alicheka. "Mtanashati," akasema. "Maji yako."

"Yangu!"

Jumanne ile wifi alitoka chumbani na gauni la kijani, lile la sherehe za watu, na mkoba kwapani. "Leo chukua na zamu yangu," alisema. "Nafika mjini."

"Msalimie kaa!" Tarumbeta alimpigia kelele mpaka alipopinda kona.

Alirudi jioni, vumbi kwenye viatu. Tarumbeta alikuwa uani anashona wavu uliotoboka. "Haya, tuambie. Kaa alitia saini?"

"Alisahau kalamu," wifi akasema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tarumbeta aliwasimulia watu jibu hilo wiki nzima. Alisahau kalamu! Alikiri wazi kuwa safari hii wifi amemshinda.

* * *

Wiki kumi baadaye, saa sita kamili, wifi alinyoosha kasia, akasema "Maji," na neno la pili halikutoka. Alianguka juu ya mbao za gati, kasia likaanguka naye. Hospitali walikaa naye siku tatu, wakamrudisha nyumbani na chupa ya dawa ya maumivu, na siku ya tano akaja nesi kuonyesha namna ya kumpa.

Nesi alikuwa binti wa viatu vyeupe na daftari kubwa. Alipomaliza chumbani alitoka uani, akamkuta Tarumbeta anakoroga uji.

"Mama, wewe ndiye ndugu yake?"

"Mimi ni wifi yake. Ndugu wa kununuliwa."

Nesi hakucheka. "Ndiyo wewe uliyekuwa baharini?"

"Baharini lini? Mimi kila siku niko baharini."

"Jumanne ile. Tulimpangia kumtoa uvimbe. Wakati ule ulikuwa haujasambaa, ungetoka wote. Sheria yetu, mgonjwa hapasuliwi bila ndugu wa kutia saini. Alikaa kwenye benchi mpaka saa tisa. Kila nikipita namwuliza, ndugu yuko wapi? Ananiambia, yuko baharini, anakuja." Alifungua daftari, akaligeuza ili aone. Palikuwa na tarehe, na mbele yake wino mwekundu: *Ameahirishwa. Hana msindikizaji.* "Tukampa tarehe nyingine, hakutokea. Sasa umeshasambaa, mama. Hakuna cha kutoa."

Uji ulichemka ukamwagikia jikoni. Nesi ndiye aliyelisogeza sufuria.

Tarumbeta aliingia chumbani. Chumba cha wifi kilikuwa kama mafundo yake: kila kitu kimefungwa, kimekunjwa, kimewekwa mahali pake. Gauni la kijani limetundikwa msumarini. Wifi mwenyewe alikuwa amepungua kiasi kwamba shuka lilionekana limetandikwa juu ya tumbo peke yake.

"Wifi."

"Mh."

"Ile barua."

Wifi alifumba macho, akayafumbua. "Amekwambia."

"Kwa nini hukunigongea? Ukuta huu hapa!" Aliupiga kofi. "Ungenishika. Ungenitukana, ungenitikisa!"

"Ningekutikisa, ungecheka." Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja saa. "Nilijua utadhani ni mchezo. Nikiwa naziba chupa nilijua. Nikasema, labda."

"Lakini ulirudi ukanichekesha! Ulisema alisahau kalamu!"

"Ilikuwa nzuri, ee?" Midomo yake mikavu ilisogea kidogo. "Nilikaa kwenye basi njia nzima naitengeneza. Nilianza na *hajui kusoma*, nikaona haina ladha."

Tarumbeta alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. "Na tarehe ya pili?"

"Kuomba niliomba, wifi. Mara ya pili nilikuwa nimechoka."

Hapo Tarumbeta akaanza kulia, na kwa kuwa hakuwa na mazoezi, alilia vibaya, kwa vishindo, kama mtu anayevuta kitu kizito kisichotaka kutoka majini.

"Acha, bwana," wifi akasema. "Uso wako haujui kulia. Unafanana na dema lililokanyagwa na ng'ombe. Nichekeshe."

Tarumbeta alifungua mdomo.

Watu walikuwa wakisema mwanamke huyu hata akifa atamtania mchimba kaburi. Sasa alikaa pale kinywa wazi, akatafuta huku na kule ndani yake, na hakukuwa na kitu. Neno moja la kumfanya wifi yake acheke, moja tu, hakuwa nalo. Wifi alimsubiri. Alimsubiri kwa adabu kabisa, kama alivyosubiri kwenye lile benchi.

"Basi," alisema mwishowe. "Nenda kanivulie. Madema yangu yana siku tano, kambamiti wataoza mle. Ila la ishirini usilimwage ndooni. Kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Msindikizaji wangu. Nimemlisha wiki kumi. Nilitaka siku moja nikurudishie, sikupata namna ya kuchekesha." Alivuta pumzi, ikachukua muda. "Mfungulie aende. Maji yako."

"Yako," Tarumbeta akasema. "Mimi nakuazima mikono tu."

Nesi alisema atakaa mpaka arudi.

* * *

Ilikuwa asubuhi, na katika miaka tisa Tarumbeta alikuwa ameyaona maji ya asubuhi siku ile moja tu ya gauni la kijani, na siku ile hakuwa ameyatazama. Yalikuwa matulivu kuliko yake ya alasiri. Alivuta dema la kwanza la kopo la manjano, la pili, la tatu. Vichwa vya samaki vilikuwa mifupa mitupu. Kambamiti wengine walikuwa wamekufa, wengine wanakula waliokufa, wachache bado wanaruka, macho yao meusi yametokeza. Kila mlango mafundo matatu. Aliyafungua kwa kucha, yote sitini, wala hakukata hata moja kwa kisu.

Dema la ishirini lilikuwa zito. Mdomo wake wifi alikuwa ameushona kwa uzi, asiingie kambamiti akaliwa na asitoke mwenyeji. Ndani alikaa kaa yule, mnene sasa, mgongo unang'aa, mikono iko huru. Uzi wa buluu ulikuwa umefungwa kwenye nondo ya juu, fundo la kipepeo, vizuri, kama utepe wa zawadi.

Tarumbeta alifungua mlango, akaliinamisha dema. Kaa alirudi nyuma kwenye kona, akainua mikono kumtisha.

"Toka!" alimwambia. "Toka, bwana! Umeajiriwa kazi moja tu duniani na ikakushinda!"

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Kitu kilimpanda kifuani, akadhani ni kilio tena, kumbe ni kicheko, kisha havikutengana tena hivyo viwili, akabaki ameshika dema kwa mikono yote huku mtumbwi ukiyumba. Kaa aliteleza, akagonga ukingo, akaanguka majini, akazama ubavuubavu mpaka asionekane.

Na hapo ndipo utani ulipomjia. Ulikuja mzima.

Aligeuza mtumbwi, akapiga kasia kama mtu anayefukuzwa. Njiani alikuwa akiutengeneza. *Wifi, nimemhoji yule kaa. Amejitetea.* Hapana, *amekana mashtaka*, hiyo tamu zaidi. *Wifi, kaa amekana mashtaka. Anasema kalamu alikuwa nayo siku ile. Ila kuna mwendawazimu mmoja alimfunga mikono.* Aliusema kwa sauti, mara ya kwanza, mara ya pili. Alipunguza neno hapa, akaongeza kule. Wifi angecheka. Angecheka kile kicheko chake cha puani, na ndani ya kicheko hicho angeelewa, kama wao wawili walivyoelewana siku zote, kama ile kandambili.

Muuza barafu alikuwa amesimama gatini. Kwa kawaida angeanza kumchokoza mtumbwi ukiwa bado mbali. Safari hii alishuka ngazi, akaingia majini mpaka magotini, akaishika kamba ya mtumbwi, na katika miaka yote hakuwahi kumshikia kamba.

"Usiniambie," Tarumbeta alisema.

"Dada..."

"Nimesema usiniambie! Nina neno la kumwambia mimi kwanza."

Alipita ghala la barafu, akapita vibanda vya washona nyavu, na mikono ya washonaji ikasimama anapopita. Uani nesi alikuwa mlangoni. Alitaka kusema kitu, akamtazama, akampisha.

Walikuwa wameshamfunika mpaka shingoni. Tarumbeta alivuta kigoda, akakaa karibu kabisa, akasafisha koo.

"Wifi," alisema, "kaa amekana mashtaka. Anasema kalamu alikuwa nayo siku ile. Ila kuna mwendawazimu mmoja alimfunga mikono."

Aliusema vizuri. Hakukosea hata neno. Kisha akasubiri, kadiri wifi alivyokuwa akisubiri kabla ya kujibu, na akapitisha hapo, akaendelea kusubiri. Nesi alisimama nyuma yake na hakujua aangalie wapi, mpaka macho yake yakaangukia sakafuni, kwenye mkeka uliolowana.

Ndipo Tarumbeta naye alipotazama, akaona kuwa bado ameshika kasia. Alikuwa amekuja nalo njia nzima, na lilikuwa likidondosha maji, tone baada ya tone, kando ya kitanda. Nje, kengele ya ghala la barafu ilianza kugonga saa sita.

Alilishika kwa mikono miwili, akalinyoosha, kama siku zote.

"Maji yako," alisema.

Akabaki amelinyoosha hivyo hivyo, na nesi alipokuja kulipokea taratibu, Tarumbeta hakumwachia.